Ramani ya simu isikuingize porini: namna ya kuitumia bila kuacha akili nyumbani

Maswali ni yale yale. "Mbona ramani iliniambia dakika 40 nikatumia saa tatu?" "Mbona imenipitisha njia ya panya wakati barabara kubwa ipo?" "Bila bando GPS inafanya kazi?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mtu ambaye gari lake limetoka kuvutwa na trekta: "Nifanyeje isinitokee tena?"

Kujibu kila mtu peke yake kumenichosha, kwa hiyo nimeyapanga majibu kwa mfuatano wa safari yenyewe: kabla hujaondoka, ukiwa njiani, kisha mambo yakienda kombo. Wanaotembea kwa miguu milimani wana sehemu yao ndogo karibu na mwisho.

Nadharia ni hii tu. Ndani ya simu yako kuna vitu viwili, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni kipokezi cha GPS. Hicho husikiliza setilaiti zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, kinahitaji angalau 4 ili kijue ulipo, na mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Si haba. Cha pili ni ramani yenyewe pamoja na hesabu ya njia: data iliyokusanywa siku fulani huko nyuma, ikiwa na michoro iliyokosewa, majina yanayofanana, na barabara ambazo zilikufa zamani. Mtu akiona nukta ya buluu imekaa sawasawa juu ya mstari, anadhani usahihi wa nukta ndio usahihi wa mstari. Sivyo. Simu inajua ulipo. Haijui kama daraja lililo mbele yako bado lipo.

Viwe tayari kabla ya kuanza

- Simu yenye chaji, chaja ya gari, pawabenki iliyojaa na waya wa akiba. Waya ndio huharibika kwanza.
- Kishikio cha kuiweka simu usawa wa macho. Simu ya mapajani inakuinamisha kila kona.
- Nafasi kwenye simu ya kupakua ramani za eneo zima la safari.
- Karatasi na kalamu. Ukienda mbali na miji, ongeza ramani ya karatasi.
- Maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani utahitaji, chakula kisichoharibika, tochi, na nguo ya baridi hata kama unakoanzia ni joto.
- Namba ya mtu aliyeko unakokwenda.
- Mtu mmoja unayemwachia habari: unapita wapi na unatarajia kufika saa ngapi.
- Robo saa ya kukaa chini kabla ya kuwasha injini. Hii ndiyo watu hawana.

Kabla hujaondoka

1. Andika unakokwenda kwa ukamilifu, kisha ukague kilichochaguliwa

Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa, gari likiwa bado limezimwa. Mwaka 2009 wenzi wawili kutoka Sweden walikuwa wakienda kisiwa cha Capri, kusini mwa Italia. Kwenye kifaa wakaandika Carpi. Carpi ni mji wa viwanda kaskazini mwa nchi hiyohiyo, mamia ya kilomita kutoka Capri. Waliendesha hadi huko, wakaingia ofisi ya utalii na kuuliza ilipo pango maarufu la buluu. Capri ni kisiwa, na hawakuwa wamevuka daraja wala kupanda kivuko. Hilo peke yake lilitosha kuwashtua.

Herufi moja ya ziada nayo inatosha. Februari 2016 mgeni kutoka Marekani alitua Iceland akiwa na hoteli mjini Reykjavik, mwendo usiofika saa moja kutoka uwanja wa ndege. Anwani aliyokuwa nayo ilisomeka Laugarvegur badala ya Laugavegur. Kifaa kilimpeleka Siglufjörður, mji wa pwani ya kaskazini, safari ya saa kadhaa kwenye barabara za barafu.

Kwa hiyo, ukishaandika jina usibonyeze "anza". Tazama kwanza vitu vitatu: mkoa au wilaya iliyoandikwa chini ya jina, umbali, na upande. Kama unajua unakwenda magharibi na mstari unaanza kwa kuelekea mashariki, lazima pawe na sababu unayoweza kuitaja.

Ukipewa namba za latitudo na longitudo badala ya jina, latitudo hutangulia. Alama ya kutoa mbele ya latitudo maana yake ni kusini mwa ikweta, na mbele ya longitudo ni magharibi mwa mstari wa Greenwich, Uingereza; ukiisahau umehamia upande mwingine wa dunia. Halafu angalia mtego huu unaowanasa hata wazoefu: digrii 6 na dakika 30 ni 6.5, si 6.30, maana digrii moja ina dakika 60. Tofauti hiyo ya 0.2 ni kilomita 22 hivi ardhini.

2. Itazame njia nzima, mwanzo hadi mwisho

Punguza ramani mpaka uone safari yote kwenye skrini moja. Kisha ikuze, uifuate njia kwa kidole kipande kwa kipande, huku umewasha picha za setilaiti. Unatafuta mambo machache: mahali lami inapoisha, mito, vivuko, misitu mirefu isiyo na makazi, na mahali mstari unapopita ambapo kwenye picha huoni barabara.

Machi 2012 watalii watatu kutoka Japani walitaka kufika kisiwa cha North Stradbroke, karibu na Brisbane, Australia. Kifaa kiliwaonyesha kuwa gari linafika. Maji yalikuwa yamekupwa, wakashuka na gari la kukodi kwenye tope la Moreton Bay na kuanza kuelekea kisiwani. Matairi yakazama, bahari ikaanza kujaa, wakaliacha gari na kurudi ufukoni kwa miguu. Kati ya bara na kisiwa kuna kilomita 15 hivi za maji na tope, na watu wote huvuka kwa feri. Kwenye picha ya setilaiti sehemu hiyo ni bahari tupu.

Umbali na muda navyo vipige hesabu mwenyewe. Gawa kilomita kwa saa. Ikiwa simu inasema kipande cha kilomita 60 cha barabara ya vumbi kitachukua dakika 45, inadhani utakwenda wastani wa kilomita 80 kwa saa. Kwa gari lako, juu ya mawe na mashimo, hilo halipo. Weka kilomita 25 au 30 kwa saa, upate saa mbili au zaidi, kisha ujiulize giza litakukuta wapi. Swali lile la dakika 40 zilizogeuka saa tatu jibu lake ndilo hili.

3. Fungua mipangilio

Watu wengi hawajawahi kuifungua. Hakikisha simu inajua unasafiri na nini: gari, pikipiki, baiskeli au miguu. Njia ya baiskeli kwa gari ni balaa. Kama kuna chaguo kati ya "fupi" na "ya haraka", epuka "fupi", kwa sababu huhesabu kilomita tu na haijali zikoje. Ukiweza kuiambia ikwepe barabara za vumbi na feri, iambie. Wenye malori na mabasi: programu ya kawaida haijui urefu wala uzito wa gari lako. Madaraja ya chini na barabara nyembamba utayatafuta mwenyewe, au utumie programu iliyotengenezwa kwa magari makubwa.

4. Pakua ramani, kisha andika njia kwenye karatasi

Kwa wale wa swali la bando: GPS haihitaji data, maana simu inapokea mawimbi ya setilaiti bila malipo. Kinachohitaji data ni picha ya ramani na hesabu ya njia mpya. Ndiyo maana mtandao ukikatika unabaki na nukta ya buluu juu ya skrini nyeupe. Pakua eneo lote la safari na kingo zake, kwa sababu ukipotea utakuwa pembeni mwa njia. Ukishapakua, zima data na uitafute njia hiyo tena. Ikifunguka, umemaliza.

Karatasi ijaze hivi: majina ya miji utakayopita kwa mfuatano, namba za barabara, umbali kati ya mji na mji, na kona kubwa. Mistari 7 au 8 inatosha kwa safari ya siku nzima. Sikuambii uitumie badala ya simu. Nataka mkono wako uandike majina hayo, kwa sababu ukiyaandika utayatarajia, na usipoyaona kwenye vibao utashtuka mapema.

5. Uliza mtu, tena uliza vizuri

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu husema "niliuliza wakaniambia inafika" halafu wakakwama.

Ukimuuliza mtu "Barabara hii inafika?" atakujibu "Inafika". Hajakudanganya. Inafika kwa pikipiki, inafika kwa miguu, inafika kiangazi. Swali lako limemlazimisha akujibu ndiyo, na watu wengi waungwana huona vibaya kumvunja moyo msafiri. Uliza maswali ambayo ndiyo na hapana haziyajibu:

- Gari la mwisho kupita huko umeliona lini? Lilikuwa gari gani?
- Ungekuwa wewe na gari kama hili, ungepita wapi?
- Mvua ikinyesha, ni sehemu gani hukwamisha magari?
- Mpaka kule mnatumia muda gani? (Usiulize kilomita. Mwenyeji anajua muda.)

Kisha umwonyeshe gari lenyewe, hasa lilivyo chini, badala ya kumsimulia. Usimpe simu akusomee ramani: anaweza kuikubali kwa adabu tu. Majibu ya watu wawili wasiokaa pamoja yakigongana, tafuta wa tatu. Dereva wa gari la mizigo anayetoka huko ana habari kuliko programu yoyote, kwani matope ya leo bado yako kwenye matairi yake. Yatazame hayo matope.

6. Weka mpaka wa kugeuza, ukiwa bado umetulia

Nikiambiwa nichague hatua moja tu, ningechagua hii. Kukosea kona hakuui mtu. Kinachoua ni kuendelea kilomita 30 baada ya kona hiyo, kila kilomita ukijiambia lami iko mbele kidogo.

Kwa hiyo kabla ya safari andika masharti yatakayokugeuza: "Mafuta yakifika nusu kabla sijafika mji fulani, narudi." "Nikiendesha nusu saa kwenye barabara ya vumbi bila kukutana na gari, narudi." "Saa 11 jioni ikinikuta kabla ya daraja, nalala mji wa nyuma." Mwambie na unayesafiri naye, ili siku hiyo awe na haki ya kukukumbusha.

Desemba 2012 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walitoa onyo kwa umma kuhusu ramani mpya ya simu za Apple. Iliuweka mji wa Mildura kilomita 70 hivi kutoka ulipo, katikati ya hifadhi ya Murray-Sunset, ambako hakuna maji na joto linaweza kufika nyuzi 46. Baadhi ya madereva walikwama humo hadi saa 24 bila chakula wala maji, wakatembea mwendo mrefu kutafuta mtandao. Mildura si kijiji, ni mji mkubwa. Barabara ya kwenda mji mkubwa haiwi nyembamba kadiri unavyoukaribia. Mtu mwenye mpaka wa kugeuza angegeuka kwenye kilomita ya 10 ya mchanga.

Death Valley, hifadhi ya jangwa huko California, Marekani, ni habari ya kusikitisha zaidi. Mwaka 2009 mama mmoja aliyekuwa na mwanawe alifuata kifaa hadi kwenye njia iliyoachwa, gari likazama mchangani, na walipopatikana siku kadhaa baadaye mwanawe alikuwa amefariki kwa joto. Hifadhi hiyo mpaka leo inawaonya wageni wasitegemee GPS peke yake.

Ukiwa njiani

7. Hakiki kwa macho, na ukubali jibu usilolipenda

Kila mji au njia panda kubwa, linganisha vitu vitatu: kibao, karatasi yako, skrini. Vikikubaliana, endelea. Kimoja kikipinga, simama pembeni mahali salama utafute sababu.

Namna watu wanavyoikosea hatua hii haijaonyeshwa vizuri popote kuliko kwenye meli ya abiria Royal Majesty. Juni 1995 ilikuwa inatoka Bermuda kwenda Boston ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Muda usiozidi saa moja baada ya kuondoka, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Kifaa hakikuzima. Kiliendelea kuonyesha mahali meli ilipo kwa kukisia kutokana na mwendo na mwelekeo, kikaandika alama ndogo pembeni ya skrini kuwa sasa kinakisia. Hakuna aliyeitilia maanani. Saa 34 baadaye meli ilikuwa maili 17 za baharini nje ya njia, ikapanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket.

Dalili zilikuwepo. Jioni ile ofisa wa zamu aliona kwenye rada boya, alama inayoelea ya kuonyesha meli njia, pale pale alipolitarajia na wakati alioutarajia. Hakulithibitisha kwa macho, jua la machweo liliwaka juu ya maji, na boya lenyewe lilikuwa jingine kabisa. Boya la pili ofisa aliyefuata hakuliona. Nahodha alipouliza, ofisa huyo akamjibu ameliona, kwa kuwa GPS ilionyesha wako kwenye njia. Walinzi wa zamu waliripoti taa zisizotarajiwa, kisha maji yenye rangi ya maji ya kina kifupi. Meli ikaendelea. Hakuna aliyeumia, ni bahati.

Mabaharia hao walikuwa na leseni na uzoefu wa miaka. Kuangalia waliangalia, ila kila walichokiona walikilazimisha kukubaliana na skrini. Wewe fanya kinyume: taja kwa sauti unachotarajia kukiona kabla hujakiona. "Baada ya kilomita 4 kuna mto, upande wa kulia kuna reli." Mto usipotokea, usianze kutafuta kijito chochote cha kuuridhisha moyo.

Anayeona hili ni zoezi la bure ajue kwamba mwaka 2017 watafiti wa University College London walichapisha utafiti juu ya watu waliotafuta njia katika mitaa ya Soho, London, iliyoigizwa kwenye kompyuta. Waliotafuta wenyewe, sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na kupanga njia zilichangamka walipoingia mtaa mpya. Waliofuata maelekezo ya kifaa, sehemu hizo zilikaa kimya.

8. Simu ikikupa "njia bora zaidi", usiibonyeze ukiwa na hasira ya foleni

Juni 2019 ajali ilifunga barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Denver, Marekani. Ramani ya Google ikawapa madereva njia ya kuzunguka, nao wakaifuata, karibu magari 100, mpaka kwenye njia ya udongo iliyolowa mvua. Mengi yalikwama topeni. Novemba 2023 waliotoka Las Vegas kwenda Los Angeles wakakutana na dhoruba ya vumbi, wakapewa njia ya kuikwepa, wakaishia jangwani kwenye njia ya mawe, na Google ikaomba radhi.

Foleni yenye magari mengine mbele yako ni ishara kwamba watu wengi wameamua kusubiri. Msururu unaochepuka kuingia vumbini hauna maana kwamba wanajua njia, kila mmoja anafuata taa za nyuma za mwenzake, na wa kwanza anafuata simu. Kabla ya kukubali, kuza ramani ya hiyo njia mpya kama ulivyofanya hatua ya 2. Huna nafasi ya kuikagua? Kaa kwenye foleni.

Kukiwa na moto, mafuriko au dhoruba, amri za polisi na zimamoto ziwe juu ya skrini. Desemba 2017, moto ulipokuwa ukiteketeza vitongoji vya Los Angeles, polisi waliwaomba madereva waziache programu za ramani, kwani zilikuwa zinawaelekeza kwenye mitaa inayoungua. Mitaa hiyo haikuwa na magari, na kwa programu barabara tupu ni barabara nzuri.

9. Barabara ikibadilika sura, simama

Lami imekwisha ghafla, kuna vizuizi vya mawe au matawi, majani yameota katikati ya njia, au maji yamefunika usichokijua. Ukiona kimojawapo, gari lisimame kwanza, mjadala baadaye. Usiku shuka na tochi.

Novemba 2024 watu watatu walikufa huko Uttar Pradesh, India, gari lao lilipoanguka mtoni kutoka kwenye daraja ambalo upande wake mmoja ulikuwa umechukuliwa na mafuriko. Walikuwa wakifuata ramani ya simu. Miaka miwili kabla yake dereva mmoja alikufa North Carolina, Marekani, kwenye daraja lililobomoka tangu 2013.

Kwenye maji yanayokwenda kasi, sentimita 30 zinatosha kubeba gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, pamoja na yale makubwa yanayojidai. Simu haioni maji hayo.

Kwa wanaotembea milimani

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini hawakuwa wakizungumzia genge la mawe lenye ukungu. Programu za barabara hazikutengenezwa kwa milima. Mwaka 2021 mashirika ya wapanda milima na uhifadhi ya Scotland yalionya kwamba Google Maps ilikuwa ikiwaelekeza watu wapande mlima Ben Nevis, wenye mita 1,345, kupitia sehemu inayoweza kuua hata mpandaji mzoefu. Tumia dira na ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na ujifunze kuvisoma mahali rahisi kwanza. Mistari ya kontua ikibanana ni mwinuko mkali, ikigusana ni jabali. Simu iweke ndani ya koti, karibu na mwili, kwa kuwa betri huzimika upesi kwenye baridi.

Mambo yakienda kombo

*Nukta inarukaruka.* Uko kati ya majengo marefu, bondeni au chini ya miti mizito, na mawimbi yanadunda kabla ya kukufikia. Tazama duara hafifu linaloizunguka nukta: likiwa pana, simu yenyewe inakiri haina uhakika. Nenda mahali pa wazi, usubiri dakika moja au mbili.

*Mshale unaelekea nyuma.* Ukiwa umesimama simu hutegemea dira yake ya ndani, na sumaku ya kishikio, kava au bodi ya gari huivuruga. Tembea au endesha mita chache, itajirekebisha. Ikigoma, izungushe hewani kwa umbo la namba 8, mbali na vyuma.

*Inasema umefika, na hakuna kitu.* Alama ya mahali iliwekwa vibaya, au iliwekwa katikati ya kitongoji kizima kwa kukosa anwani kamili. Usizunguke zunguka. Mpigie mwenyeji, umweleze unachokiona.

*Nukta iko kwenye uwanja wa ndege ambako hujawahi kufika.* Hii si simu kuharibika. Kuna maeneo ambako mawimbi ya GPS huzibwa au kughushiwa kwa sababu za kijeshi; miaka ya karibuni simu nyingi za Israel na Lebanoni zimeonyesha kwamba wenye simu wako uwanja wa ndege wa Beirut. Zima maelekezo, rudi kwenye vibao na karatasi.

*Inang'ang'ania kunirudisha kwenye njia niliyoikataa.* Futa safari nzima. Weka mji mkubwa unaofuata kwenye njia unayoitaka kama mwisho wa safari. Ukifika hapo, weka mwingine.

*Sijui kaskazini ni wapi na simu imezima.* Asubuhi jua liko upande wa mashariki, jioni magharibi. Mchana wa saa sita usilitegemee, hasa karibu na ikweta, linakuwa utosini. Rudi kwa njia uliyojia kadiri ya alama unazozikumbuka. Usibuni njia mpya.

*Nimekwama, na mtandao hakuna.* Kaa na gari. Linaonekana kutoka juu na kwa mbali kuliko mtu, lina kivuli, na ndilo watakalolitafuta kwanza. Fungua boneti kama ishara, washa taa za hatari magari yakisikika, kunywa maji ukiwa na kiu badala ya kuyatunza mpaka ulegee. Jaribu 112: kwenye nchi nyingi hupitia mtandao wowote unaoshikika, hata usio wa laini yako. Simu ikikataa tuma ujumbe mfupi, huo hupenya pale sauti inaposhindwa. Kipokezi cha GPS bado kinafanya kazi, kwa hiyo bonyeza nukta ya buluu, nakili latitudo na longitudo ya ulipo kwenye karatasi kabla betri haijaisha. Ukimpata mtu, soma tarakimu moja moja, anza na latitudo, useme na alama ya kutoa kama ipo, kisha umwambie akusomee alichoandika kabla hujakata.